Maji Yanashuka

Vijana wangu waongoza wageni wa Garsen na Kipini,

Mliponijia mwezi uliopita na soda mbili na daftari jipya, mlisema mnataka jambo dogo tu. "Babu Komora, tuandikie sehemu za kupeleka wageni. Fuo, maziwa, visiwa vya mtoni. Tutaziweka kwa simu." Nikasema haya. Nimeongoza wageni katika delta hii tangu enzi za mtumbwi na pondo la kuusukumia hadi magoti yaliponikatalia kupanda mashua, kwa hiyo sehemu ninazo tele. Tatizo ni kwamba kila nikianza kuandika, kalamu inanirudisha kwenye fungu moja la mchanga pale mlangoni mwa mto, na kwa mtu mmoja anayeitwa Shee. Na Jumamosi nyinyi mnakaa kikao kuamua kama Maryamu, binti yake, ataingia kikundini au atakataliwa. Nimesikia mnavyomsema. Basi orodha mtaipata, lakini mtaipata pamoja na haya.

Msilalamikie urefu. Mnasoma simu kutwa nzima na hamchoki.

Tuanze na ziwa la Shakababo, kwa sababu hapo ndipo nilipoanzia ujinga wangu. Mgeni wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Kizungu mwenye darubini shingoni na kitabu cha ndege mkononi. Mimi nilikuwa namjua mwari, namjua kulasitara, namjua yangeyange, basi. Waliobaki wote niliwapa majina papo hapo, na mzee akawa anaandika. Mbele kidogo nikamwonyesha kitu cheupe kwenye matete, nikasema kwa sauti ya chini, "Yangeyange huyo, amelala." Mzee akatazama na darubini yake muda mrefu sana. Kisha akaandika. Jioni, wakati wa kuagana, akanifungulia daftari, akanionyesha alichoandika: mfuko wa plastiki, mmoja. Hakucheka hata kidogo. Nilinunua kitabu changu cha ndege kabla mwezi haujaisha.

Mpelekeni mgeni Shakababo asubuhi mapema, jua likiwa mgongoni kwake. Mwambieni ukweli, kwamba ziwa hili miaka mingine linakauka hadi ng'ombe wanapita katikati, kwa sababu mto hautoki tena kingoni kama zamani. Mgeni akikuta matope, asiseme amedanganywa.

Kazi hii yetu ni kazi ya maneno kuliko ya mashua, na maneno yana hila. Mnajua kwa nini mimi sipendi mkijiita magaidi? Nyinyi mnatania, lakini mimi nilijiita hivyo kwa dhati. Siku zile nilikuwa nimejifunza Kiingereza cha kutosha kujua kwamba mtu anayeongoza wageni anaitwa "gaidi". Nikasimamishwa kwenye kizuizi cha barabara ya Lamu, wakati ambapo mabasi yalikuwa yanapigwa risasi porini kila mara, na askari mgeni aliyetoka bara akaniuliza kazi yangu. Nikainua kifua. "Mimi gaidi." Nililala kifudifudi juu ya lami ya moto, buti shingoni, hadi Godana, dereva wetu, alipokuja kunitetea kwa Kiswahili chake cha Kiorma: "Afande, hii si gaidi ya bunduki. Hii gaidi ya ndege." Ndipo wakacheka. Hata mimi nilicheka kwa miaka mingi. Ingefaa nijifunze jambo siku ile, kwamba neno moja linaweza kuwa na nyumba mbili, na ukibisha hodi kwenye ile isiyo yako utaumia. Sikujifunza.

Aliyenifundisha mto ni Mzee Maro wa kwetu Ngao. Alikuwa mkali, mchoyo wa maneno, na alikuwa akinipiga na pondo begani nikikosea. Alinifundisha kunusa kiboko kabla sijamwona. Alinifundisha kwamba mamba unayemwona si kitu, mwenye hatari ni yule uliyemwona jana mahali hapo na leo humwoni. Lakini somo lake kubwa lilikuwa kijiti. Kila tulipofika mahali pa kushusha watu, kabla hata ya kushusha birika la chai, alichomeka kijiti pale maji yanapokutana na mchanga. Akishakichomeka hutazama kando, kama hana habari. Baada ya muda anakitazama tena. Kikibaki pakavu, tunakaa. Kikiingia majini kidole kimoja, anasema, "Pandisha watu." Ukimwuliza kwa nini, pondo linakuja begani.

"Macho yako yatakudanganya," aliniambia siku moja, akiwa na furaha isiyo ya kawaida yake. "Na watu watakudanganya. Kijiti hakijui kusema."

Mto wa Tana, nyinyi mmezaliwa kando yake lakini baadhi yenu mnaujua kwa picha tu, haufuriki kwa mvua ya kwetu. Hapa Garsen jua linawaka, vumbi linaruka, na mto unajaa kwa mvua iliyonyesha milimani huko juu. Kwa hiyo tulikuwa na watu wetu. Mimi nilikuwa na shemeji yangu kule Madogo, ng'ambo ya Garissa, anayeuza mbuzi karibu na daraja. Mto ukinenepa pale, ananipigia simu. Mimi nahesabu siku zangu, nawaambia walio chini yangu. Na tangu babu zetu, sisi watu wa mto tukitaka kupasha habari hiyo tunasema maneno mawili: maji yanashuka. Yaani yameachiliwa huko juu, yanateremka, yanakuja kwetu. Ukisikia maji yanashuka, unatoa kuku chini, unahamisha mbegu, unafunga mtumbwi juu ya mti. Mtoto wa Ngao wa miaka mitano anajua.

Sasa nawauliza, nyinyi mnaosoma hapa na mliozaliwa Kipini, kando ya bahari: mkisikia maji yanashuka, mnaelewa nini?

Ndiyo, yanapungua. Na ndivyo alivyoelewa Shee.

Shee alikuwa mwenzangu wa Kipini. Mimi niliwachukua wageni mtoni, yeye aliwachukua baharini, na kwa miaka mingi tulipokezana hivyo bila ugomvi. Alikuwa na mashua ya injini iliyopakwa rangi ya kijani, safi kuliko sufuria za mke wangu. Yeye ndiye aliyewapeleka wageni wangu kwenye vilima vya mchanga, ambako mkienda mwambieni mgeni avae viatu, mchanga ule unaunguza. Yeye ndiye aliyewaonyesha kasa wanapotagia, na jinsi ya kupita bila kukanyaga mayai. Aliwapitisha kwenye mikoko maji yakiwa yamejaa, injini imezimwa, wasikie kaa wakigongagonga mizizi. Alikuwa hadanganyi. Wageni wakiuliza kwa nini bahari ya Kipini si ya buluu kama ya kwenye kalenda, mimi nilikuwa nawapa hadithi. Shee aliwajibu, "Huu ni udongo wa wakulima wa bara. Mto umewaibia, umetuletea sisi." Wageni walipenda zaidi jibu lake.

Na mahali walipopapenda kuliko pote palikuwa fungu la mchanga mlangoni mwa mto. Bahari ikipwa, fungu lilitokea katikati, mto upande huu na mawimbi upande ule. Ni kisiwa cha saa chache. Hakina mti, hakina nyayo, na kina kombe nyingi, yale magamba ya konokono wa baharini, upande wa bahari. Shee aliwashusha pale, akarudi Kipini kuchukua wali na samaki vikiwa vya moto, akawarudia. Hivyo ndivyo alivyofanya mara nyingi sana, na hivyo ndivyo wenye mashua wote walivyofanya. Wageni wanapenda kuachwa peke yao kisiwani. Wanajiona wamegundua nchi.

Ilikuwa likizo ya Aprili. Walikuja walimu watano wa shule moja ya Ukambani, waliochanga mwaka mzima ili waone bahari. Mmoja aliitwa Mwalimu Mueni. Alikuwa mwembamba, mwenye maswali mengi, na alikuwa na mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe wa kuwekea kombe za wanafunzi wake. Alinionyesha orodha ya majina. Kila mtoto kombe lake. Akaniuliza, "Zinatosha huko, mzee? Niko na watoto arobaini na wawili." Nilikuwa sijawa mzee wakati ule. Nikamwambia zinatosha na zitabaki.

Shemeji yangu wa Madogo alikuwa ameshanipigia simu siku nyingi kabla. Na mimi mwenyewe pale Garsen kijiti changu kilikuwa kimemezwa tangu juzi yake. Nilijua maji yanakaribia Kipini siku ileile au kesho yake. Kwa nini sikuahirisha? Kwa sababu walikuwa na siku tatu tu, na kwa sababu nilimwamini Shee atawapeleka vilimani badala ya funguni. Na kwa nini sikwenda nao? Kwa sababu nilikuwa na wageni wengine wawili wa ndege, wenye kamera ndefu, waliokuwa wamesimama ukingoni wakitazama saa. Nawaandikia sababu zangu zote. Hakuna hata moja iliyo nzito nikiitazama leo.

Godana aliwapakia walimu kwenye gari. Kabla ya kuondoka alinivuta kando. "Komora, mto iko nene. Wewe ambia Shee vizuri."

"Namwambia sasa hivi."

Nikapiga simu. Naikumbuka simu ile neno kwa neno, kwa sababu nimeisikiliza kichwani kwa miaka yote hii.

"Shee, wageni watano wako njiani na Godana. Maji yanashuka."

"Yanashuka?"

"Yanashuka. Tangu juzi."

"Alhamdulillahi!" akasema. "Basi yeo watalipata fungu lote. Wakitaka, watateza hata mpira."

Hapo, vijana wangu. Hapo hapo. Mtu akiambiwa mafuriko yanakuja hashukuru. Hasemi watu watacheza mpira. Nilisikia furaha yake sikioni mwangu na nikajua kuna kitu hakijakaa sawa. Sitaki kuwadanganya kwamba sikujua. Nilijua kama unavyojua umeacha moto jikoni, na unaendelea kutembea kwa sababu umeshafika mbali. Wale wageni wangu wawili waliniita. Mmoja alikuwa amemwona ndege. Nikamwambia Shee, "Haya, wasalimie," nikakata simu.

Yaliyotokea niliambiwa na Godana na wale walimu wanne. Bahari ilikuwa imekupwa vizuri. Shee aliwashusha, akawaambia atarudi na chakula. Kwa sababu aliamini mto unapungua, hakuwa na haraka. Alisali adhuhuri. Alingoja wali uive. Wakati huo bahari ilianza kujaa, na mto mnene ulikuwa unasukuma kutoka juu, na maji mawili yakikutana hivyo hayana pa kwenda. Tena mto wa mafuriko hauli fungu kwa juu, unalila kwa chini. Mchanga unauona uko pale, mkavu, unameremeta, kumbe chini hamna kitu. Wale wanne walikuwa wamekaa katikati, wanapiga picha. Mwalimu Mueni alikuwa amekwenda hadi ncha ya fungu, upande wenye kombe nyingi. Fungu likakatika kati yao. Walisema hawakusikia sauti yoyote. Waliona tu maji ya kahawia yakipita mahali ambapo walikuwa wametoka kutembea, na yeye yuko ng'ambo, ameushika mfuko wake, anawaita kwa majina. Kisha kile kipande alichosimamia kikaondoka.

Shee alikuja na mashua yake, sufuria ya wali ikiwa bado imefunikwa. Aliwapakia wanne. Alizunguka pale hadi mafuta yakamwishia, akavutwa na wavuvi. Siku ya pili yake, yeye mwenyewe ndiye aliyempata, kwenye mikoko, maji yalipokupwa. Alimfunika kwa shuka lake. Ule mfuko ulikuwa bado uko mkononi.

Mliwahi kuiona orodha ya fuo nzuri yenye kitu kama hicho ndani yake? Nami sijawahi. Ndiyo maana nawaandikia.

Kukawa na mkutano Kipini, kwenye ukumbi, mbele ya afisa mmoja wa bara. Walikuja watu wa Kipini, walikuja wazee wetu wa Ngao na Garsen, na kaka yake marehemu alikuwa ameketi mbele akiwa na kofia magotini. Shee aliulizwa kwa nini aliwaacha watu funguni na mto umejaa. Akasema, "Komora aliniambia maji yanashuka."

Afisa akanigeukia. "Ulimwambia hivyo?"

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Ulimwambia yanapungua?"

"Hapana. Sisi watu wa mto tukisema maji yanashuka, tunasema yanakuja kutoka juu. Ni onyo hilo." Na wazee wetu nyuma yangu wakaitikia, "Ndivyo, ndivyo." Hawakuwa wanasema uongo, na hata mimi sikuwa nasema uongo. Nyinyi mkiwa na nafasi, tafuteni uongo katika maneno yangu ya siku ile. Hamtaupata.

Afisa akamgeukia Shee. "Kwa hiyo ulionywa."

Shee alisimama pale kama mtu aliyepigwa kofi asijue limetoka wapi. Hakumtazama afisa. Alinitazama mimi. Akauliza kwa ile lugha yao, polepole, "Kushuka kwenu ndiko kuya?" Yaani, huko kushuka kwenu ndiko kuja? Watu wengine wakacheka. Mimi nikainamisha kichwa.

Lilikuwa limebaki swali moja tu: wewe Komora, alikujibu nini? Jibu nilikuwa nalo mdomoni, limekaa juu ya ulimi. Alhamdulillahi, watateza hata mpira. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikusema. Nilikuwa na watoto shuleni, nilikuwa na jina zuri, nilikuwa naogopa. Ni hivyo tu. Woga hauna hadithi ndefu.

Wakaamua Shee asibebe wageni tena. Nje, yule kaka wa marehemu alinifuata, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, mzee. Wewe ulijaribu." Nikamwitikia. Mkono ule nimekuwa nao hadi leo.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi, tena nilisifiwa. Nilianza kwenda na kijiti kila mahali, mkanipa jina la utani Mzee Kijiti, mkadhani ni kichekesho cha mtu wa kale. Kila nilipowapa wenzetu wa Kipini habari za mto nilisema, "Maji yanakuja, yanapanda, ondokeni," mara tatu, na nikawalazimisha wanirudishie kwa maneno yao. Mlinicheka kwa hilo pia. Ile mashua ya kijani ilikaa juu ya nchi hadi mbao zikafunguka. Injini sijui ilikwenda wapi. Shee aliendelea kuvua na mashua za watu. Tulipokutana sokoni tuliamkiana.

Nilidhani ndiyo imepita. Kisha mwaka huu mkanialika kwenye mafunzo yenu hapa Garsen, niwafundishe mafundo ya kamba. Wakati wa chai nikasikia mmoja wenu akimwambia mwenzake aliyekuwa anatangulia kuondoka, "Bro, usinishee." Nikadhani sikusikia vizuri.

"Kushee ni nini?" nikauliza.

"Ni kuacha mtu kwa mataa, babu," mkanijibu, mkifurahi kwamba mzee anataka kujua Sheng. "Kama vile, tumepanga kitu halafu unanihepa."

"Limetoka wapi?"

"Kuna msee wa kitambo huko Kipini. Aliacha watalii kwa mchanga akaenda kula wali. Watu wakadedi. Basi mtu akikuacha, amekushee."

Nilirudisha kikombe mezani kikiwa kimejaa. Mkadhani chai ilikuwa na sukari nyingi.

Jina la mtu, vijana wangu. Mmelifanya kitenzi, mnalinyambua. Kushee, kusheewa, kusheeana. Na wiki hiyohiyo nikaambiwa Maryamu ameleta ombi lake, na mmoja wenu akasema, "Tutampa vipi binti Shee wageni? Si atawashee?" Mkacheka wote. Huyo Maryamu anaijua mikoko kwa giza na kwa mwanga. Anaandika kupwa na kujaa kwa chaki ukutani kwao kila siku, na wavuvi wanapita kusoma. Hakuna hata mmoja kati yenu anayemkaribia kwa usukani, na mnalijua hilo.

Nikaenda Kipini. Shee nilimkuta nyuma ya nyumba yake, anasuka dema la kutegea samaki. Amekonda, macho yamefifia, lakini vidole vinajua kazi. Akanionyesha pa kukaa. Hakuniletea kahawa, wala maji, wala hakumwita mtu alete. Kwa mtu wa Kipini, hilo ni neno kamili.

"Shee, nimekuja kwa habari ya siku ile."

Akaendelea kusuka.

"Nilikusikia ukishukuru kwenye simu. Nilijua hukunielewa. Nikakata."

"Naliyua," akasema. Yaani alikuwa anajua.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoinamisha kitwa."

"Mbona hukusema mbele ya watu?"

Akaupitisha ufito, akaukaza. "Niseme nini? Neno lako na neno langu lalikuwa moja. Nani angeamua?" Akachukua ufito mwingine. "Nalingoya useme wewe. Mwaka wa kwanza nalingoya sana. Nikisikia gari la Godana, nasema, huyo Komora aja kusema."

Nilimwomba msamaha. Nililia, sitawaficha, nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu. Yeye hakulia. Aligeuza dema, akalikagua mdomo wake.

"Msamaha kamuombe yule mwalimu," akasema. "Mimi nirudishie jina langu. Nina binti."

Akainuka, akaingia ndani. Nilikaa pale kidogo peke yangu, kisha nikaenda kutafuta gari.

Kwa hiyo hii ndiyo orodha yenu. Shakababo asubuhi. Vilima vya mchanga, na viatu. Kasa, bila tochi na bila kelele. Mikoko maji yakijaa, injini imezimwa. Mto juu ya Ngao kwa viboko, lakini msikae upande wa kina, maana kiboko hukimbilia kina na hapendi kukutwa njiani. Lile fungu la zamani halipo, mto ulishalihamisha. Liko jipya kusini yake, nimeambiwa ni zuri zaidi na kombe ni nyingi. Pelekeni wageni. Lakini msishuke bila kijiti, mashua isiondoke, na mkipeana habari za maji, mmoja aseme na mwingine arudie kwa maneno ya kwao. Akifurahi mahali pa kuogopa, msikate simu.

Jumamosi, kabla hamjainua mikono, mmoja wenu asome barua hii kwa sauti, na Maryamu awe amekaa ndani ya chumba, si nje kwenye benchi. Kaka wa Mwalimu Mueni nimeshamtumia yake. Hajajibu, na sina haki ya kungoja jibu.

Na kama kweli lugha yenu haiwezi kukaa bila neno la kumtupa mtu, sitawanyang'anya. Toeni jina la Shee mtie langu. Usinikomore. Amenikomora. Nimelijaribu leo asubuhi mbele ya kioo, nikinyoa. Linatamkika vizuri.